Kwenda Toledo na kurudi Madrid siku hiyo hiyo: ziara yenye mwongozaji, au tujipeleke wenyewe?

BintiMsafiri aliuliza:

Assalaam alaykum na habari zenu, wanajukwaa.

Mwezi ujao, panapo majaliwa, nitakuwa Madrid kwa siku tano pamoja na mama yangu mzazi, na katika siku hizo tumetenga moja kwa ajili ya mji wa Toledo. Mama ndiye aliyeuchagua. Amekuwa akisoma habari za Andalusi, yaani Hispania ya enzi za Waislamu, kwa miaka mingi, na nilipomweleza kwamba Cordoba na Granada ndizo zinazotajwa zaidi, alinijibu kwamba bora mji mmoja wa karibu atakaouona kwa macho yake kuliko miwili ya mbali atakayosimuliwa.

Tatizo letu ni goti. Mama ana umri wa miaka 68. Kwenye barabara tambarare hutembea vizuri bila mkongojo, lakini kilima humshinda baada ya muda mfupi, na ngazi za kushuka humuumiza kuliko za kupanda. Kila picha ya Toledo niliyoiangalia inaonyesha mji uliokaa juu ya mwamba, mto umeuzunguka pande tatu, na vichochoro vya mawe vinavyopanda na kushuka bila utaratibu.

Katika hoteli tuliyoagiza kuna wakala anayeuza ziara za namna tatu. Ya kwanza ni ya nusu siku kwa yuro 35: basi, kituo kimoja cha kutazama mandhari, kisha matembezi mjini pamoja na mwongozaji, ila tiketi za kuingia ndani ya majengo hazimo. Ya pili ni ya siku nzima kwa yuro 85, na inajumuisha kanisa kuu, majengo mengine mawili na chakula cha mchana. Ya tatu inaunganisha Toledo na Segovia kwa siku moja, na wakala anasema ndiyo inayonunuliwa sana. Zote zimeandikwa kwamba matembezi yake ni ya "kiwango cha wastani", maneno ambayo sijui yamepimwa kwa goti la nani.

Ninaomba ushauri wa waliowahi kwenda. Je, mwongozaji anahitajika kweli, au ni gharama ya bure kwa mtu anayeweza kusoma kitabu kabla ya safari? Na kama anahitajika, ni ziara ipi kati ya hizi itakayomfaa mama? Siku tuliyo nayo nafasi ni Jumatatu. Natanguliza shukrani.

MzeeWaReli alijibu:

Wa alaykum salaam, mwanangu. Mfikishie mama salamu zangu.

Nianze na ile ziara ya tatu, kwa kuwa ndiyo rahisi kuifuta. Toledo iko kusini mwa Madrid, takriban kilomita 70, na Segovia iko upande wa kaskazini, ng'ambo ya milima ya Guadarrama. Anayekuuzia miji hiyo miwili kwa siku moja anakuuzia kiti cha basi, maana kutoka mmoja hadi mwingine ni zaidi ya kilomita 150 za barabara, na goti lililokunjwa kitini kwa saa nyingi halina shukrani linapoambiwa lipande kilima. Wapo wanaozifurahia safari za aina hiyo, lakini wengi wao ni vijana wanaohesabu miji.

Mimi na mke wangu tulikwenda kwa treni ya mwendokasi kutoka stesheni ya Atocha, na safari ilichukua dakika 30 na kitu tu, muda ambao haukutosha hata kumaliza chai. Nunueni tiketi mapema, za kwenda na za kurudi, kwa kuwa viti vina namba na mwisho wa juma hujaa. Fikeni stesheni kabla ya wakati, kwa sababu mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi na foleni hiyo haimsubiri mtu. Pia kumbuka kwamba saa za tiketi zimeandikwa kwa mtindo wao: 17 maana yake ni saa 11 jioni. Nalitaja hilo kwa sababu nina ndugu yangu aliyeachwa na treni kwa kosa hilo hilo.

Mkifika Toledo msiharakishe kutoka stesheni. Jengo hilo la mwaka 1919 limejengwa kwa kuiga sanaa ya mafundi wa Kiislamu waliobaki chini ya wafalme wa Kikristo: vigae vya rangi, vioo vya rangi na dari ya mbao iliyonakshiwa. Watu wa mabasi ya ziara hawalioni kabisa. Kutoka hapo, kwa ajili ya mama, chukueni teksi au basi la mjini hadi uwanja wa Zocodover, ambao uko juu tayari. Wale wenye miguu mizima huvuka daraja la Alcántara na kupanda, nasi tulifanya hivyo, na tulijuta katikati ya njia.

Kuhusu mwongozaji, sisi hatukumchukua na hatukupungukiwa. Tulikuwa na kitabu, tulikaa tulipotaka kukaa, na hakuna mtu aliyetuinulia mwavuli juu na kutuambia tufuate. Kwa mzee mwenye goti, uhuru wa kukaa ni mkubwa kuliko maelezo ya historia. Huo ndio ushauri wangu.

Mkalimani alijibu:

Dada yangu BintiMsafiri, nimesoma maneno ya Mzee wetu, na kuhusu reli sina la kuongeza. Kuhusu kwenda bila mwongozaji, naomba anivumilie, kwa kuwa nimeishi Madrid miaka kadhaa kwa ajili ya masomo, nimewapeleka Toledo wageni wengi wa kwetu, na nimewaona wakirudi wakiwa wameona mawe mengi bila kujua wameona nini.

Toledo si mji unaojieleza wenyewe. Ulikuwa makao ya wafalme wa Kivisigothi, watu wa asili ya Kijerumani waliotawala Hispania kabla ya Waislamu, ukaingia mikononi mwa Waislamu katika miaka ya mwanzo ya karne ya 8, ukatekwa na Alfonso VI mwaka 1085, ukaendelea kuwa miongoni mwa makao makuu ya wafalme Wakristo wa Kastilia hadi mfalme Philip II alipohamishia makao yake Madrid mwaka 1561. Kuhama huko ndiko kulikouhifadhi, kwa sababu fedha za ujenzi zilihama pamoja na mfalme na mji ukabaki karibu na ulivyokuwa. Matokeo yake ni kwamba kila jengo lina tabaka juu ya tabaka, na mgeni anayeingia peke yake huona tabaka la juu tu.

Chukua Santa María la Blanca. Ukiingia utaona ukumbi mweupe wenye safu za matao yenye umbo la kwato ya farasi, yamebebwa na nguzo za pembe nane ambazo vichwa vyake vimechongwa mfano wa matunda ya msonobari. Mtu asiye na maelezo atasema ni msikiti. Ni sinagogi, lililojengwa kwa ajili ya Wayahudi wakati mji uko chini ya mfalme Mkristo, kwa mtindo na ufundi wa Kiislamu, kisha likaja kugeuzwa kanisa na kupewa jina la Bikira Maria. Mwongozaji mzuri atamsimamisha mama katikati ya nguzo hizo na kumwuliza kwanza anadhani yuko katika nyumba ya ibada ya dini gani. Nimeliona swali hilo likiulizwa mara kadhaa na sijapata kuona aliyejibu sawasawa.

Au ingieni kanisa kuu, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1226 mahali palipokuwa msikiti mkuu na kukamilika mwaka 1493. Juu ya baadhi ya makaburi mtaona kofia nyekundu zilizochakaa zikining'inia darini kwa kamba. Ni kofia za makadinali waliozikwa chini yake, nazo huachwa hapo hadi zioze zenyewe. Nyuma ya madhabahu kuu kuna kazi ya Narciso Tomé iliyokamilishwa mwaka 1732, ambamo paa la kanisa hilo la mtindo wa Kigothi, wenye matao yaliyochongoka, lilitobolewa ili mwanga wa jua uanguke juu ya sanamu. Asiyeambiwa ageuke na kutazama juu hulipita tundu lenyewe, na nimewaona wengi wakilipita.

Katika kanisa dogo la Santo Tomé kuna mchoro mmoja tu unaowakusanya watu wote, ule wa El Greco unaoonyesha maziko ya bwana wa Orgaz. El Greco alizaliwa Krete, alifika Toledo mwaka 1577 na akafia hapo mwaka 1614. Tazameni mtoto aliyesimama mbele akiwa na mwenge, halafu tazameni kitambaa kinachochungulia mfukoni mwake: kimeandikwa mwaka 1578, ambao ndio mwaka aliozaliwa mwana wa mchoraji. Picha haziruhusiwi kupigwa hapo, kwa hiyo kinachobaki ni kile mlichoelekezwa kukitazama.

Kwa sababu hizo, ushauri wangu ni kuvitenganisha vitu viwili ambavyo wakala wa hoteli ameviunganisha, yaani usafiri na maelezo. Nendeni kwa treni kama alivyosema Mzee, kisha mchukue mwongoza watalii wa hapo hapo Toledo kwa saa mbili au tatu, wa kukutana naye Zocodover. Ile ziara ya yuro 35 ina mwongozaji lakini haina milango, na maelezo ya Toledo yaliyotolewa nje ya kuta ni nusu ya maelezo. Ile ya yuro 85 ina milango, ila mama atalazimika kwenda kwa mwendo wa watu 40. Mkimpata mwongozaji wa kundi dogo, mwulizeni kabla ya kulipa kama ana kitambulisho cha mwongozaji rasmi wa jimbo la Castilla-La Mancha, kama tiketi zimo, na kama hutoa vifaa vya masikioni, ili mama akibaki nyuma kidogo aendelee kumsikia badala ya kukimbizana na sauti.

Sasa goti. Siri ya Toledo ni kuupita mji kwa njia ya kuteremka na kutorudi ulikotoka kwa miguu. Kutoka Zocodover hadi kanisa kuu barabara ya maduka haina mteremko mkali. Kutoka kanisa kuu mtaelekea Santo Tomé, kisha mtaa wa zamani wa Wayahudi, ambako kuna sinagogi la Tránsito, Santa María la Blanca na, mbele kidogo, monasteri ya San Juan de los Reyes. Kwa jumla njia inashuka, na ingawa kushuka nako kunamuumiza, ni miteremko zaidi kuliko ngazi, na mabenchi yapo. Mkifika mwisho, pandeni teksi kurudi juu. Zipo pia ngazi za umeme zinazowapandisha watu kutoka chini ya ukuta, za Recaredo tangu mwaka 2000 na za Safont upande wa pili, lakini hizo zinawafaa zaidi wanaoshushwa na mabasi. Kama mnataka ile picha ya mji mzima ukiwa ng'ambo ya mto, kuna kigari cha watalii chenye umbo la treni kinachopita huko, na mama ataiona akiwa ameketi.

Nimesahau jambo kubwa: Jumatatu haifai. Sinagogi la Tránsito ni makumbusho ya serikali na siku hiyo hufungwa. Jumapili nayo ina kasoro yake, kwa kuwa kanisa kuu huwafungulia watalii mchana tu, kuanzia saa 8. Sogezeni safari iwe kati ya Jumanne na Ijumaa.

MzeeWaReli alijibu:

Nimekubali habari ya kitambaa cha mtoto. Nilisimama mbele ya mchoro ule dakika kumi na sikukiona.

Kisa_cha_Upanga alijibu:

Ndugu zangu, mimi naongeza onyo moja, kwa kuwa nilinunua ziara ya siku nzima yenye basi, ya kampuni ambayo sitaitaja.

Kabla hatujauona mlango wowote wa Toledo, tulishushwa kwenye karakana ya panga na vyombo vya kunakshiwa. Fundi mmoja alikuwa ameketi mlangoni akigongelea uzi mwembamba wa dhahabu kwenye sahani ya chuma iliyotiwa weusi, kwa nyundo ndogo, pigo baada ya pigo, na sikatai kwamba kazi yake ilikuwa ya kuvutia. Kazi hiyo ni ya asili ya mji huo na chuma cha Toledo kina sifa ya karne nyingi. Lakini fundi tulimtazama kwa dakika tano, na dukani tulizuiliwa dakika 45, na mwongozaji wetu, aliyekuwa akitazama saa kila tulipotaka kupiga picha, huko hakuitazama hata mara moja. Mwisho wa siku tuliambiwa kwamba muda wa kuingia sinagogi umekwisha.

Kwa hiyo, dada, ukiuliza habari za tiketi, uliza pia kama kuna kituo cha duka na ni cha muda gani. Akijibu kwamba ni "nafasi ya kujionea utamaduni", hesabu kwamba ni kamisheni. Na mkitaka kununua kitu chenye nakshi hizo, fahamuni kwamba vingi vinavyouzwa kwa bei ya chini vimetengenezwa kwa mashine. Vya mkono vina bei yake, na muuzaji mkweli atakwambia tofauti bila kuvutwa.

BintiMsafiri aliandika tena:

Nawashukuru nyote kwa moyo wa dhati. Tumehamishia safari Jumatano na nimenunua tiketi za treni. Nimempata mwongozaji wa kundi la watu wasiozidi kumi kwa saa tatu, mwenye kitambulisho cha jimbo, na duka halimo katika njia yake.

Yamebaki mawili. La kwanza ni chakula, kwa kuwa sisi hatuli nguruwe. La pili ni la mama mwenyewe, ambaye ameniagiza niulize kama kuna msikiti wowote uliobaki umesimama, maana yote mliyotaja ni makanisa na masinagogi.

Mkalimani alijibu:

Mwambie mama kwamba swali lake ndilo bora kuliko yote ya ukurasa huu, na mimi ndiye niliyepaswa kulijibu kabla hajauliza.

Upo. Leo unaitwa Cristo de la Luz kwa sababu nao uligeuzwa kanisa, lakini ni msikiti mdogo wa Bab al-Mardum, wa mraba, wenye nguzo nne na vikuba tisa, kila kimoja kikiwa na nakshi tofauti na mwenzake. Mama asiingie ndani moja kwa moja. Kwanza asimame nje na kutazama juu ya ukuta wa mbele, ambako kuna maandishi ya Kiarabu ya Kikufi yaliyopangwa kwa matofali yenyewe. Yanaanza kwa Bismillah, kisha yanasema kwamba Ahmad ibn Hadidi aliujenga msikiti huo kwa mali yake akitaraji thawabu za Mwenyezi Mungu, yanamtaja msimamizi Musa ibn Ali, na yanaeleza kwamba ulikamilika katika mwezi wa Muharram mwaka 390 wa Hijria, yaani mwishoni mwa mwaka 999. Kutoka Zocodover unafikika kwa kuteremka, na mkitokea upande wa chini mtakuwa karibu na malango ya mji, ambako teksi itawachukua hadi stesheni. Kuna bangili ya karatasi inayouzwa kwa watalii na kukubaliwa katika majengo saba, na msikiti huo umo, pamoja na Santo Tomé, Santa María la Blanca na San Juan de los Reyes. Kanisa kuu na Tránsito hazimo. Hizo mtalipia peke yake.

Mama akipenda lugha, mwambie asikilize majina. Alcázar, ngome ile kubwa iliyo juu, ni kasri letu. Alcántara ni kantara, yaani daraja, kwa hiyo wanapolitaja kama daraja la Alcántara wanasema daraja mara mbili. Zocodover lilikuwa soko la wanyama wa kubebea mizigo. Na akipita sokoni akasikia *azúcar* na *aceituna*, atajua kwamba wanauza sukari na zeituni.

Kuhusu chakula, kuweni waangalifu kwa sababu nguruwe huingia hata pale asipotarajiwa. Carcamusas, mchuzi unaosifiwa sana katika baa za mjini, ni wa nyama ya nguruwe, na vipande vyake vilivyokaushwa hunyunyizwa juu ya saladi na supu bila kutajwa. Kwale wa kupikwa taratibu ni chakula cha asili cha huko, lakini kwa kawaida hutiwa mvinyo. Mtakuwa salama kwa samaki, kwa kimanda cha mayai na viazi, na kwa jibini ya maziwa ya kondoo. Migahawa mingi hutoa chakula cha mchana cha bei moja, chenye sahani mbili na kitindamlo, lakini msitarajie jiko kufunguliwa kabla ya saa 7 mchana. Kitamu cha kubeba ni mazapán, ambayo ni lozi zilizosagwa pamoja na sukari. Wapo pia watawa wa kike wanaoitengeneza na kuiuza.

San Juan de los Reyes msiikose. Nje, ukutani, imetundikwa minyororo ya wafungwa Wakristo waliofunguliwa wakati wa vita vya Granada, na iko hapo tangu enzi za Isabel na Fernando, wafalme walioiteka Granada kutoka kwa Waislamu.

BintiMsafiri aliandika tena, baada ya wiki tano:

Tumesharudi salama, alhamdulillahi, na ninadaiwa taarifa.

Treni ilikwenda kama alivyosema Mzee, na mama alikaa stesheni ya Toledo robo saa nzima akitazama dari huku teksi ikitusubiri. Mwongozaji wetu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Alipoliona goti, alibadilisha njia yake mara mbili bila kuombwa, na kila aliposimama kueleza alisimama penye kitu cha kukalia. Vifaa vya masikioni vilitusaidia kuliko nilivyofikiri: katika kanisa kuu mama alibaki ameketi mbele ya viti vya mbao vya kwaya, ambavyo migongo yake imechongwa picha za vita vya Granada, na alikuwa akisikia maelezo yote wakati sisi wengine tuko upande wa pili tukitazama tundu la paa. Ndani ya Santa María la Blanca swali liliulizwa kama lilivyotabiriwa. Mama alijibu kwamba ni msikiti, nami nikanyamaza kwa kuwa nilikuwa nimeshasoma jibu hapa.

Tulikosea kwenye chakula. Ziara ilikwisha saa 7 na nusu, tukaingia mgahawa wa karibu, na kwa kuwa huko mtu akiketi mezani hafukuzwi wala haharakishwi, tulitoka saa 9 na nusu. Tiketi zetu za kurudi zilikuwa za saa 11 na dakika chache, na nilikuwa nimezichagua mimi kwa kuogopa kumchosha. Muda ulitosha jengo moja tu: minyororo iliyokuwa hatua chache kutoka pale tulipokaa, au msikiti uliokuwa upande wa pili wa mji. Mama hakufikiri mara mbili. Tulipanda teksi.

Mtaa wa kuteremkia Cristo de la Luz una mawe yanayoteleza, akaushuka akiwa amenishika bega. Alipofika mbele ya ukuta aliomba simu yangu, akafungua majibu ya Mkalimani, akaanza kulinganisha. Herufi za Kikufi zilizojengwa kwa matofali si zile alizofundishwa utotoni, kwa hiyo mwanzoni hakutambua hata moja. Baada ya muda akaonyesha kwa kidole mwanzo wa mstari, upande wa kulia, akasoma "Bismi", akasita, akasoma tena. Vikuba tisa vya ndani tulivitazama kwa dakika kumi tu, kwa kuwa muda ulikuwa umeliwa na ukuta.

Goti lilivimba kidogo usiku, na siku iliyofuata alipumzika hotelini. Kwa wale watakaokwenda na wazazi, nunueni tiketi za kurudi za saa 1 jioni au baadaye. Mama amemaliza mazapán yote, na hadi leo ananilaumu kwamba minyororo ile hakuiona.